Picha ya Mtakatifu Sesilia ya Raphael: maswali mnayoniuliza kila Novemba

Kila mwaka Novemba ikiingia grupu letu la wasap la kwaya linajaa picha za Mtakatifu Sesilia, maana tarehe 22 ndo sikukuu yake na kwaya zenye jina lake huku kwetu ziko nyingi mpaka unachanganya hii ya parokia ipi na ile ya parokia ipi. Kati ya hizo picha kuna moja ambayo lazima ilete mjadala, ile ya Raphael, dada kasimama katikati kainua uso juu, mkononi ana kitu kama kinanda kidogo, wenzake wanne wamemzunguka na chini vyombo vya muziki vimetupwatupwa kama stoo ya kwaya iliyokosa mtu wa kuipanga. Nimejibu maswali yaleyale mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa, mwakani mtu akiuliza natuma linki tu.

Ni ya nani na ilichorwa lini?

Ya Raphael, mchoraji wa Italia, wenyewe Waitaliano wanamwita Raffaello, alizaliwa Urbino 1483 akafariki Roma 1520 akiwa na miaka 37 tu. Hii aliichora kati ya 1514 na 1517 hivi, akiwa Roma, lakini haikuwa ya Roma, ilikuwa inaenda Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia, kwenye kikanisa cha pembeni ndani ya kanisa la San Giovanni in Monte. Ni kubwa, zaidi ya mita mbili kwenda juu, kwa hiyo wale watu ukisimama mbele yao ni kama mnalingana.

Na ni picha ya altare, hilo mlishike, haikuchorwa ipendezeshe sebule ya tajiri. Padre alikuwa anaadhimisha misa mbele yake kabisa, na kitu kilichokuwa karibu zaidi na altare ni vile vyombo vilivyovunjika pale chini. Ukiiangalia kwenye simu hicho kitu hukioni.

Kaka, mbona kinanda kakishika kichwa chini? Au mchoraji hajui kinavyoshikwa?

Anajua sana. Kile ni kinanda cha kubeba, enzi hizo vilikuwepo, unakiweka pajani au unakivaa na mkanda, mkono mmoja unabonyeza vitufe mwingine unasukuma mvukuto kwa nyuma ili upepo uingie kwenye vibomba, na vibomba vinatakiwa viangalie juu. Sesilia hapa kakishusha, kakigeuza, vibomba vinaangalia sakafuni, na ukizumu vizuri utaona viwili vinachomoka kwenye nafasi zake vinataka kudondoka. Mikono imelegea. Ni mikono ya mtu aliyesahau kwamba kuna kitu kashika, kama mama aliyeitwa ghafla na mtu anayempenda huku kashika ungo, mchele unamwagika na yeye hana habari.

Kwa hiyo picha haituonyeshi mtu anapiga kinanda, inatuonyesha sekunde ile alipoacha kupiga. Kuna kitu kakisikia. Angalia juu yake, mawingu yamefunguka na malaika sita wanaimba.

Lakini si ndo somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa wanamuziki? Iweje aangushe kinanda?

Hili swali ndo mzizi wa yote, nivumilieni kidogo.

Habari za Sesilia tunazo kutoka kwenye simulizi ya kifodini chake, yaani kuuawa kwake kwa ajili ya imani, iliyoandikwa karne ya 5, yaani muda mrefu baada ya wakati anaosemwa aliishi. Ni binti wa familia kubwa ya Roma, Mkristo, kaweka nadhiri ya ubikira kimoyomoyo, lakini wazazi wanamwoza kwa kijana mpagani anaitwa Valeriano. Siku ya harusi vyombo vinapigwa, watu wanasherehekea, na simulizi inasema kwa Kilatini *cantantibus organis*, yaani vyombo vikiwa vinalia, yeye alikuwa anamwimbia Mungu peke yake moyoni mwake, akiomba mwili na roho vibaki safi.

Umeona? Vyombo vilikuwa vya harusi. Yeye hakupiga hata kimoja, alikuwa anajaribu kutovisikiliza! Ila huo mstari ukaingia kwenye sala za Kanisa kama antifona, yaani kiitikio kifupi cha kuimba, ukaimbwa miaka na miaka, na yale maneno "moyoni mwake" yakadondoka njiani, na neno *organa* ambalo mwanzo lilikuwa chombo chochote cha muziki likaanza kueleweka kama kinanda. Basi watu wakaelewa kwamba Sesilia alikuwa anaimba huku anapiga kinanda. Kufikia karne ya 15 wachoraji wanampa kinanda mkononi, na mwaka 1585 Papa Sixtus wa 5 alipoidhinisha chama cha wanamuziki wa Roma, Sesilia akawekwa msimamizi pamoja na Papa Gregori. Kile chama ndo leo kinaitwa Accademia di Santa Cecilia.

Usomaji uliopinda umetupatia somo wa kwaya zote hizi. Mi hainisumbui, naipenda hivyohivyo. Ila Raphael kafanya kitu cha akili, kampa kinanda kwa sababu watu walishazoea, halafu akamfanya akiachie, na kwa njia hiyo yale maneno yaliyodondoka akayarudisha. Anaimba moyoni. Mdomo wake umefungwa, kaangalieni.

Vile vyombo vya chini ni vyombo gani?

Kikubwa ni vayola da gamba, ukoo wa selo, inapigwa imebanwa katikati ya miguu. Imelala, nyuzi zimekatika. Kuna matari, kuna matoazi, kuna filimbi, kuna pembetatu ya chuma ya kugonga, kuna ngoma mbili ndogo na ngozi imepasuka. Kwa kifupi chukua Zaburi ya 150 mnayoipenda kuimba, matari, zeze, filimbi, matoazi yaliayo, yote iko pale chini na yote imeharibika.

Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia karne hiyohiyo ya 16, anasema vile vyombo vilichorwa na Giovanni da Udine, msaidizi wa Raphael ambaye vitu vidogovidogo kama hivi ndo ilikuwa fani yake. Na kweli vimechorwa na mtu aliyekaa navyo, mbao unaiona ni mbao, ngozi unaiona imekauka kabla ya kupasuka.

Maana yake? Ni vyombo vya dunia, vya karamu, vya ngoma za harusi. Vinalia vizuri lakini vinachakaa. Uzi unakatika, ngozi inapasuka, mpigaji anazeeka. Kuna mpiga kinanda humu aliniambia yeye hahitaji kuelezewa ishara yoyote pale, kinanda chao kimekufa vitufe vitatu tangu Pasaka.

Kwa hiyo Raphael anasema vyombo ni dhambi? Mwalimu wetu ametuambia tuache ngoma kwa sababu ya hii picha.

Hapana jamani. Na mi yalinikuta haya, kwenye kwaya niliyoanzia kuimba nikiwa kijana alikuja mwalimu mmoja akatuonyesha hii picha kwenye fotokopi nyeusi kama lami akasema mnaona hata Mtakatifu Sesilia alitupa ngoma, na ngoma zikafungiwa stoo karibu mwaka mzima. Picha haisemi hivyo.

Angalia ilivyopangwa kutoka chini kwenda juu. Sakafuni kuna vyombo vilivyovunjika. Katikati, mkononi mwa Sesilia, kuna kinanda, chombo cha kanisani, hakijavunjika bado ila kinaanza kuachia. Juu kabisa kuna sauti tupu, malaika hawana kinubi wala tarumbeta, wana vitabu tu na wanashea, kama sisi siku ya mazoezi fotokopi zisipotosha. Ni ngazi. Wasomi wa wakati ule walimsoma sana Boethius wa karne ya 6, ambaye aligawa muziki mafungu matatu, ule wa vyombo, ule wa ndani ya mtu mwenyewe, na ule wa mbingu zinavyozunguka kwa mpangilio. Ngazi ya chini ikiitwa dhambi huna pa kukanyaga kwenda juu.

Halafu kuna ushahidi mmoja mtamu. Marcantonio Raimondi, aliyekuwa anachonga michoro ya Raphael kwenye bamba la shaba ili ichapishwe, ana chapisho la mada hiihii lililotokana na wazo la Raphael la mwanzo. Mle malaika wanapiga vyombo! Kwa hiyo Raphael aliwahi kuwaza mbingu yenye bendi, akabadili, akawanyang'anya malaika vyombo akawaachia sauti tu. Kwa mchoraji hayo ni maamuzi makubwa, na ukilinganisha zile mbili unaona alichokuwa anakitafuta, tofauti kati ya kile masikio ya kawaida yanasikia na kile anachosikia Sesilia.

Ngoma zenu rudisheni.

Wale wanne ni akina nani na wamefuata nini kwenye picha ya Sesilia?

Tuanzie kushoto kwetu sisi tunaotazama.

Yule mwenye ndevu, joho jekundu, anaegemea upanga, ni Mtume Paulo. Upanga ni wake kwa sababu alikatwa kichwa, na pia kwa sababu aliita neno la Mungu upanga wa Roho. Yeye haangalii juu, anaangalia vile vyombo vya chini huku mkono uko kidevuni, anawaza. Sasa kumbuka Wakorintho wa kwanza 13, nikisema kwa lugha za wanadamu na za malaika kama sina upendo nimekuwa *shaba iliayo na upatu uvumao*. Mtu aliyeandika hayo kasimama juu ya matoazi anayatazama! Mi naona hapo Raphael alikuwa anatabasamu wakati anachora. Na ni Paulo huyohuyo aliyewaambia Waefeso waimbe mioyoni mwao.

Anayefuata kwa nyuma, kijana mzuri asiye na ndevu, ni Yohane Mwinjili, na tai wake yupo kule chini, ukienda haraka humuoni. Kanisa lenyewe ni lake, Giovanni ni Yohane, kwa hiyo asingekosa. Lakini pia ndo anayehesabiwa mwandishi wa Ufunuo, aliyesikia wimbo mpya mbinguni ambao hakuna aliyeweza kujifunza isipokuwa wale mabikira wanaomfuata Mwanakondoo. Sura ya 14, kasomeni. Hapo umepata Sesilia mzima, wimbo na ubikira mstari mmoja.

Upande wa pili nyuma ni Augustino na fimbo yake ya kiaskofu. Kwanza walioshika lile kanisa walikuwa watawa wa kanuni yake. Pili, na hii ndo napenda zaidi, Augustino ndo mtu aliyehangaika na muziki wa kanisa kuliko wote. Kwenye Maungamo yake, kitabu cha 10, anakiri kwamba akiguswa na sauti ya mwimbaji kuliko na maneno yanayoimbwa anahisi kakosa, bora asingesikia, halafu hapohapo anakumbuka alivyolia aliposikia nyimbo za kanisa wakati wa kuongoka kwake, anasema basi, ziendelee. Hajamaliza ubishi na nafsi yake. Kila mwanakwaya aliyewahi kuimba komunyo huku anawaza sauti yake inavyotoka vizuri anajua ubishi huo.

Yohane na Augustino wanatazamana, kama watu wawili wanaoulizana kimyakimya na wewe umesikia?

Wa mwisho kulia ni Maria Magdalena na chombo chake cha marhamu.

Mbona Magdalena anatutolea macho sisi?

Ndo kazi yake. Sesilia anaangalia juu, Paulo chini, wale wawili wanatazamana, mtu akabaki mmoja wa kutuita tuingie. Na kachaguliwa vizuri, maana hadithi za zama za kati zinasema miaka yake ya mwisho aliishi pangoni kule kusini mwa Ufaransa na malaika walikuwa wanamwinua mara saba kwa siku akasikilize nyimbo za mbinguni. Yeye alishausikia huo wimbo. Anakuangalia kama mtu anayejua mwisho wa hadithi na hakwambii.

Tena hesabuni macho, watu watano na ni mmoja tu anayetazama mbinguni. Mbingu imefunguka kwa ajili ya mmoja, waliobaki wako palepale na hawaoni kitu.

Gauni la dhahabu lina maana gani, kama alikuwa mtawa?

Hakuwa mtawa, alikuwa mke wa mtu. Simulizi inasema nje alivaa nguo iliyotariziwa dhahabu kama hadhi ya familia yake ilivyotaka, ndani kabisa, kwenye ngozi, alivaa nguo ya manyoya ya kuchoma kwa ajili ya toba. Raphael kachora dhahabu tu, ile ya ndani anakuachia uijue mwenyewe. Na ule mkanda uliofungwa kiunoni wengi wanausoma kama ishara ya usafi wa mwili, kama mshipi wa padre.

Mbona hamna damu? Si aliuawa?

Aliuawa, na vibaya. Walimfungia bafuni kwenye mvuke wa moto lakini hakufa, wakatuma mkataji akampiga upanga shingoni mara tatu na kichwa hakikutoka, sheria hairuhusu pigo la nne, akaishi siku tatu. Ila altare hii haikuhitaji hayo. Ukitaka Sesilia wa kifodini nenda kanisa lake la Trastevere, Roma, kuna sanamu ya marumaru ya Stefano Maderno ya 1600, alitengeneza baada ya kaburi kufunguliwa 1599, kalala ubavu, uso umegeuzwa, shingoni pana alama ya upanga. Hiyo ukiiona utanyamaza siku nzima.

Nani alilipa hela yote hiyo?

Nyuma ya picha yupo mama mmoja wa Bologna, Elena Duglioli dall'Olio. Hapa ndo ishara zote zinapata mwenyewe. Elena aliolewa na Benedetto dall'Olio, na ikajulikana mjini kwamba wameishi kwenye ndoa bila kuingiliana, kama Sesilia na Valeriano. Alimpenda Sesilia kiasi kwamba Kardinali Alidosi, mjumbe wa Papa pale Bologna, alimpa kipande cha mfupa wa kidole chake. Ndo akajenga kile kikanisa, na kina Pucci, Kardinali Lorenzo na mpwa wake Antonio, ndo waliosaidia mpaka kazi ikamfikia Raphael. Elena alifariki 1520, mwaka uleule na Raphael, na 1828 akatangazwa mwenyeheri, hatua ya chini ya utakatifu.

Kwa hiyo siku mnaposema ile picha inahusu muziki, mama Elena angewaambia inahusu ndoa yake.

Ni kweli kuna mchoraji alikufa baada ya kuiona?

Vasari anasema hivyo. Eti Raphael aliituma kwa rafiki yake Francesco Francia, mchoraji mkubwa wa Bologna, akimwomba aisimamishe na kama ina mkwaruzo aurekebishe, mzee kufungua boksi akaona kazi yake ya maisha yote si kitu, akaingia kitandani akafa kwa huzuni. Francia kweli alifariki 1517. Lakini alishakuwa mzee, na Vasari chumvi haimwishii, tena mwenyewe anakiri wengine walikuwa na maelezo mengine. Msiisambaze kama habari ya hospitali.

Iko wapi sasa hivi?

Pinacoteca Nazionale, jumba la picha la Bologna. Askari wa Napoleon waliibeba 1796 wakaipeleka Paris, na huko wakaibandua kutoka kwenye ubao wakaihamishia kwenye kitambaa, kazi ya kutisha ukiifikiria, kubandua rangi ya miaka mia tatu. Ilirudi 1815 Napoleon alipoanguka. Kanisani kwake San Giovanni in Monte ipo nakala tu. Nakala nyingine nzuri sana ni ya Guido Reni, iko kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma, ukiwa huko ingia, ni bure.

Mbona ya kwenye kalenda yetu anapiga kinanda kabisa na maua yanadondoka?

Hiyo nyingine, ni ya wachoraji wa baadaye sana. Maua ni ya mashada mawili ya waridi na yungiyungi ambayo malaika aliwaletea yeye na Valeriano. Nzuri kwa kalenda, sina neno.

Tunataka tuiprinti kwenye tisheti za sikukuu, utuchagulie saizi.

Saizi yoyote, ila msimwachie fundi akate. Yetu ya miaka miwili iliyopita fundi aliona chini pana vurugu akakata kuanzia magotini, vyombo vyote vikaenda, halafu juu akaweka jina la kwaya kwa herufi kubwa za njano palepale walipo malaika. Tukabaki na dada wa watu anaangalia juu anasoma jina la parokia, kashika kitu ambacho watoto wa kipaimara waliniuliza kama ni redio. Mtumieni faili nzima, mwambieni jina liende mgongoni, na kabla hajaanza kuchapa mhesabieni malaika, wawe sita.